Nimesomea uuguzi Nairobi kwa matatu na boda: uzoefu wangu

Alama kwanza, kwa wenye haraka. Usafiri wa umma wa Nairobi, kwa mwanafunzi wa uuguzi asiye na gari, naupa nyota tatu na nusu kati ya tano. Alfajiri unastahili zote tano. Zamu ya usiku, nne. Kinachoharibu hesabu ni jioni, na nitaeleza. Nilisoma diploma yangu nikiishi Githurai muda wote, kwa hivyo nisemayo ni ya Thika Road. Watu wa Rongai na Kitengela wana kilio chao.

Mwanafunzi wa sheria au biashara anajua anakoenda kila asubuhi. Wa uuguzi hajui hata muhula ujao ataamkia wapi. Leo uko wadi za Kenyatta, baada ya wiki kadhaa unapelekwa Pumwani kujifunza kuzalisha, kisha Mathari kwa wagonjwa wa akili, kisha Mama Lucy huko Umoja. Kila hospitali iko upande wake wa jiji, na kila moja inakutaka mapema, kwa sababu ripoti haikungoji. Wauguzi waliokesha hupita kitanda kwa kitanda wakikabidhi: huyu amepewa dawa gani na saa ngapi, yule ametoa mkojo kiasi gani, mama wa kitanda cha dirishani hajala tangu jana. Ukiikosa ripoti hiyo utashinda siku nzima ukiuliza-uliza kama mgeni. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, sista msimamizi alikuwa akifunga mlango ripoti ikianza. Ukichelewa unarudishwa nyumbani na siku hiyo haiingii kwenye kitabu chako. Habari za msongamano wa Pangani usimwambie. Yeye mwenyewe amekuja na matatu.

Sasa uzuri wa matatu ni huu: saa kumi na moja alfajiri steji ya Githurai imeamka zamani. Mama wa chai na mandazi yuko kazini, makanga wanaita "tao hamsini, tao hamsini", yaani mjini kwa shilingi hamsini, na gari linajaa hata hujamaliza kutafuta sarafu. Thika Road ikiwa wazi, barabara hii pana iliyofunguliwa 2012, unafika Ngara usingizi bado haujaisha machoni. Ukiondoka saa kumi na mbili na robo, jihesabu umechelewa: nauli imepanda, gari limekwama Roysambu, na dereva ameshaanza kupenyeza kwenye njia za panya. Mwenzangu mmoja darasani alikuwa na Vitz aliyonunuliwa na mjomba wake. Aliamka saa ile ile niliyoamka mimi, maana msongamano hauulizi gari ni la nani, na akifika alikuwa na kazi nyingine ya kutafuta pa kuegesha. Mimi njiani nilikuwa nalala.

Kuna jambo ambalo kwenye barua ya kujiunga na chuo huwezi kulisoma: sare haipandi matatu. Sababu ya kwanza ni ya darasani, kuzuia maambukizi. Hutaki kutoa vijidudu vya wadi uviache kwenye kiti atakachokalia mtoto wa mtu, wala kuingiza vumbi la barabarani kwa mgonjwa mwenye kidonda kibichi. Sababu ya pili ni kwamba nguo nyeupe na matatu ni maadui. Kuna grisi ya mlangoni, kuna uji wa jirani, kuna kiti kilichopasuka na chuma kinachungulia. Sare yangu ilisafiri imekunjwa ndani ya mfuko wa kitambaa, maana ile ya plastiki ya sokoni ilipigwa marufuku 2017. Viatu vya wadi chini, sare juu. Wakati wa kurudi sare chafu inafungwa peke yake na inaenda moja kwa moja kwenye beseni la Jik.

Kelele nazo? Zipo, na nyingi. Nganya za laini hii, yaani matatu zilizopambwa kwa michoro na muziki, zina spika za kutosha harusi nzima. Lakini hesabu za dripu nilizizoea humo humo. Mililita 500 ziingie kwa saa nne, seti ni ya matone 20 kwa mililita: 500 mara 20 ni 10,000, gawa kwa dakika 240, unapata kama matone 42 kwa dakika. Ukiipata hiyo besi ikitikisa dirisha, chumba cha mtihani ni mteremko.

Halafu makanga wakishakuzoea, wewe ndiwe daktari wa laini. Kuna kijana mmoja alikatwa kidole gumba na mlango wa gari, akashonwa. Alininyooshea mkono huo huo, noti zimebanwa kati ya vidole vingine, bandeji imegeuka kijivu kwa kushika pesa.

"Sista, hizi nyuzi zinatolewa lini? Zinaniwasha."

Nikamuuliza alishonwa lini. Tarehe hakuikumbuka, ila ilikuwa siku ya mechi. Nikamwambia za mkononi kwa kawaida hukaa wiki moja hadi mbili, asizivute mwenyewe, arudi alikoshonewa waangalie kama kidonda kimeshikana, na hadi siku hiyo akiweke kikavu na kisafi.

"Kisafi na hii kazi?" Akanirudishia nauli yangu. Nilipotaka kukataa akasema, "Wacha, sista," akageukia wa nyuma.

Jioni ndipo nyota zinapoanguka. Unakabidhi zamu, unabadilisha nguo, unafika mjini wakati Nairobi nzima inataka kwenda nyumbani. Mvua ikinyesha, hamsini ya asubuhi inakuwa mia na zaidi, na hakuna wa kumlalamikia. Umesimama tangu asubuhi, miguu imevimba, foleni ya steji imezunguka jengo. Siku moja gari la sacco fulani, chama cha wenye matatu, lilituita kwa themanini, tukapanda. Kufika Allsops makanga akasema ni mia, asiye nayo ashuke. Allsops, gizani! Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alimfokea mpaka akanywea, tukalipa themanini zetu. Ila si kila gari lina mama wa namna hiyo, na kwa msichana aliye peke yake saa tatu usiku hili si suala la shilingi ishirini. Ushauri wangu hapa ni mdogo: uwe na pesa taslimu za kutosha, hata kama M-Pesa imejaa, na uulize nauli kwa sauti wenzako wakisikia kabla hujakanyaga ndani.

Zamu ya usiku, ambayo wengi wanaiogopa, kwa usafiri ndiyo tamu. Unaingia mjini watu wakitoka, unarudi asubuhi watu wakiingia. Viti vitupu, nauli ya chini, na upande wa pili wa barabara unayaona magari yamesimama tu. Mwambie makanga unakoshukia kabla hujafumba macho, hasa ukipanda la Thika, la sivyo utaamkia Juja.

Tena usipite katikati ya jiji bila sababu. Mathari iko kando ya Thika Road yenyewe, unashukia Muthaiga. Iko hapo tangu 1910 na makanga wote wanaijua, ingawa uvumilie mizaha yao ukiitaja. Ya Pumwani, shuka Pangani, shika gari la Eastleigh, umalizie kwa miguu. Ya Mama Lucy, shuka Allsops, chukua la Outering hadi upande wa Umoja, kisha boda.

Boda nazitumia kwa kipande cha mwisho tu, na helmeti nimenunua yangu. Nimefanya kazi wadi ya mifupa. Vijana wamelala chali, mguu umevutwa kwa uzito wa traksheni, na ukifungua faili moja baada ya nyingine neno ni lile lile: pikipiki. Sheria inataka dereva na abiria wote wavae helmeti. Ile ya abiria, ukibahatika ikawepo, kamba haifungi.

Zipo siku ambazo hakuna nyota hata moja. Saba Saba ya 2025, siku ya maandamano ya Julai 7, polisi walifunga barabara kuu za kuingia jijini, na siku hiyo mwenye gari na asiye nalo walikuwa sawa. Waliofika wadi walifika kwa miguu.

Imebaki treni. Ile ya Ruiru inapita Githurai, nauli yake ni nafuu, na msongamano haiujui. Ukishuka stesheni kuu unaweza kupanda kwa miguu kupitia Upper Hill hadi Kenyatta, jasho kidogo lakini unafika. Tatizo ni kwamba safari zake chache zimepangiwa mtu wa ofisi. Mimi nikitoka wadi, ya mwisho imeshaondoka. Wakiongeza moja ya saa tatu usiku, nitarudi hapa kubadilisha alama.