Nukta nyekundu chini ya dola 200: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kilengeo changu cha kwanza cha nukta nyekundu, kioo kidogo cha kulengea kinachofungwa juu ya bunduki, nilikinunua mtandaoni kwa dola 38. Jina la kiwanda halikuwepo, ila boksi lilikuwa na picha ya komando. Nikaenda nacho uwanja wa shabaha nje ya Houston, risasi kumi za mwanzo zikakaa ndani ya kiganja. Magazini ya tatu zikaanza kuhamia kushoto. Nikarekebisha, zikaenda kulia. Nikarudisha, zikashuka. Jioni nilikuwa nimemaliza risasi za dola 60 nikifukuzana na nukta ambayo yenyewe ilikuwa inatembea, na muda wote huo iliwaka vizuri kabisa.

Kwa hiyo ukifika dukani, usidanganyike na mwanga. Nukta inayong'aa siku hizi haigharimu kitu. Pesa inakwenda kwenye mambo mawili: nukta ikae palepale bunduki inapopiga teke, na iwe inawaka siku ukiinyanyua. Orodha hii nimeipanga kwa hayo mawili, kwa mtu aliyeko Marekani mwenye AR-15 ya kawaida, ile raifo nyepesi ya kiraia, au bunduki ndogo ya risasi za .22, na asiyetaka kuvuka dola 200.

Wengi wanaichanganya na leza ya kwenye sinema. Hii haimuliki mbele. Ndani kuna taa ndogo ya LED inayorusha mwanga kwenye lenzi iliyopakwa utando wa kuakisi wekundu, mwanga unarudi jichoni mwako, na nukta unaiona wewe tu. Waswidi wa Aimpoint ndio walioanza kuuza za kielektroniki mwaka 1975, na baadaye jeshi la Marekani likaichukua yao kwa jina la M68. Aimpoint PRO bado inazidi dola 400, betri yake inakwenda saa 30,000 ikiwa imewashwa. Ukiwa na hela hizo, inunue uachane na makala hii.

Kabla hujatoa pochi, pima jicho. Mwombe muuzaji akuwashie yoyote aliyonayo, uangalie ukutani. Ukiona kitu kama mkia wa mkato au nyota yenye miiba badala ya nukta, punguza mwanga. Ikibaki vilevile, ipige picha kwa simu kupitia lenzi. Kama kwenye picha ni duara safi, kifaa ni kizima. Ni jicho lako ambalo kioo chake cha mbele hakijapinda sawasawa, jambo la kawaida sana. Mtu wa namna hiyo hata Aimpoint haitamsaidia. Atafute kilengeo cha prizimu, kwa mfano SLx MicroPrism ya Primary Arms isiyokuza, ambayo alama yake imechongwa kwenye kioo. Itampitisha bajeti kidogo, lakini alama ataiona hata betri ikifa.

Sasa orodha.

Ya kwanza ni Sig Sauer Romeo5. Mara nyingi utaipata kati ya dola 120 na 150. Nukta yake ni ya MOA 2, kipimo cha pembe ambacho kwa mita 100 kinafunika karibu sentimita 6. Inajizima bunduki ikitulia na kuwaka yenyewe ukiigusa, kwa hiyo betri ya CR2032, hii hii ya rimoti ya gari, inakaa miaka. Inakuja na vikalio viwili vya kukifungia kilengeo kwenye bunduki, kifupi na kirefu, na hapo umeokoa dola 30 ambazo wengine hawakuambii utazitoa. Yangu imeanguka kutoka kwenye bodi ya pikapu mara moja, kwenye changarawe. Ilipata mkwaruzo, lakini ziro, yaani ule ulinganifu wa nukta na mahali risasi inapogonga, haikusogea.

Holosun HS403B inaifuata kwa unywele. Nukta ni ileile ya MOA 2, kuamka kwa mtikisiko ni kulekule, na kiwanda kinaahidi saa 50,000 kwa betri moja. Ukiikuta rahisi kuliko Sig wiki hiyo, ichukue bila kujuta. Mimi niliyaweka haya mawili kwa mpangilio huu kwa sababu tu Sig ndiyo iliyoanguka mbele ya macho yangu.

Vortex Crossfire naiweka ya tatu, na kuna watu watanigombeza. Kioo chake ni kizuri, vikalio viwili vimo ndani ya boksi, na dhamana yake haina mfano: ni ya maisha, haidai risiti, na hata ukiuza bunduki inamfuata mnunuzi. Kinachoniudhi ni kwamba haiamki kwa mtikisiko. Inajizima baada ya saa kadhaa, na usipokumbuka kubonyeza utanyanyua bunduki uone kioo kitupu. Kwa nguruwe pori, ambao huku Texas hutokea dakika tano kabla ya giza na hawasubiri mtu, hilo ni kosa la bei mbaya.

Bushnell TRS-25 ni ya zamani, mara nyingi chini ya dola 100, nukta ya MOA 3, na swichi ya kuzungusha kama ya redio. Haijizimi. Ukiisahau imewaka, utakuta betri imekwisha. Kwenye AR ni fupi mno, utalazimika kununua kinyanyulio. Lakini kwenye .22 kama Ruger 10/22 inakaa vizuri sana, na kwa kumfundishia mtoto shabaha sioni sababu ya kununua ghali zaidi. Angalia tu reli: .22 nyingi zina mfereji mwembamba wa milimita 11, ambao haushiki kikalio cha Picatinny, yaani cha reli pana kama ya AR, bila kibadilishio. Ruger huja na kibadilishio chake.

Ya mwisho ni zile zisizo na jina, za dola 30 na 40. Nyingi zimetengenezwa kwa bunduki za kuchezea za plastiki, zisizopiga teke. Huko zirudi.

Kufunga ndiko watu wanakoharibu kifaa kizuri. Toa magazini, vuta kokio (mpini wa kufungulia chemba), tazama chemba kwa macho kisha ingiza kidole. Risasi zenyewe ziwe chumba kingine. Sukuma kikalio mbele ndani ya mfereji wa reli kabla ya kukaza, maana teke litakisukuma huko huko na kikiwa na nafasi kitahama. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kijitabu. Tone moja la gundi ya bluu ya skrubu linatosha. Nyekundu usiiguse, utakuja kuitoa kwa moto. Kisha chora mstari mwembamba kwa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kikalio. Mstari ukikatika, skrubu imelegea, na umejua bila kupoteza risasi.

Ziro ya AR weka yadi 50. Risasi yake ya 5.56 itapanda kidogo kisha irudi kwenye mstari karibu na yadi 200, na katikati hapo huhitaji kuwaza. Egemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, piga tatu, usiguse kitu, tafuta katikati ya hayo matundu matatu. Romeo5 inasogea nusu MOA kwa kila mlio mmoja wa skrubu yake ya kurekebishia, kwa hiyo matundu yakiwa chini kwa sentimita 4, pandisha milio sita. Usirekebishe kwa tundu moja. Hilo linaweza kuwa kosa la kidole chako. Kumbuka pia kwamba kilengeo cha AR kiko karibu sentimita 6 na nusu juu ya mtutu. Kwa hatua tano mbele yako risasi itapiga chini ya nukta kwa kiasi hicho, na hakuna kilichoharibika.

Fungua macho yote mawili, tazama shabaha badala ya nukta, na shusha mwanga hadi nukta isiwe na ukungu.

Kuhusu sheria: kilengeo hakihesabiwi kuwa bunduki, sheria ya shirikisho haidai ujaze fomu. Bunduki yenyewe ni habari nyingine. Aliyeko kwa viza ya masomo au matembezi kwa kawaida haruhusiwi kuwa nayo, na mwanya unaotumiwa zaidi ni leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hana kizuizi hicho. Na kilengeo usikitie kwenye begi la safari ya kurudi nyumbani: Marekani imeviweka vilengeo vya bunduki katika bidhaa zinazodhibitiwa kupelekwa nje, na kwa kawaida vinadai leseni. Mjomba wangu Morogoro, mwenye gobori halali la kufukuzia ngedere shambani, aliniomba kimoja Desemba. Nilimpelekea darubini ya mkononi, sasa anawahesabu wakiwa bado ng'ambo ya mto.