msprime au SLiM: ipi kwa laptopu yako?

msprime na SLiM ni programu za kuiga kwenye kompyuta jinsi jeni zinavyorithiwa kizazi hadi kizazi. Kwa mwanafunzi wa Nairobi mwenye laptopu yenye RAM ya GB 8, tungeanza na msprime. Hiyo hurudi nyuma: huchukua sampuli ya leo na kufuata mababu zake tu hadi wakutane, ndiyo maana ina kasi sana. Endesha amri ya sim_ancestry, inayojenga miti ya ukoo, kisha sim_mutations, inayoiwekea mutesheni (mabadiliko ya DNA). Ukiruka hatua ya pili utapata miti ya ukoo isiyo na mutesheni hata moja.

Uteuzi asilia ndipo msprime inapokwama. Jeni ya selimundu, inayomkinga na malaria aliyerithi nakala moja na kumuumiza mwenye mbili, inataka SLiM, inayokwenda mbele kizazi kwa kizazi ikimhesabu kila mtu. Kwa watu 10,000, kusubiri tu utofauti wa jeni utulie kabla ya jaribio lenyewe huchukua takriban vizazi 100,000, na umeme ukikatika kabla hujahifadhi, unaanza upya. Wengi hupunguza idadi ya watu mara 10. Basi zidisha viwango vya mutesheni na rikombinesheni (kubadilishana vipande vya DNA kati ya nakala mbili za mzazi) na nguvu ya uteuzi mara 10, na ugawe vizazi kwa 10. Rikombinesheni ndiyo husahaulika.

Bora uziunganishe: weka initializeTreeSeq() kwenye SLiM ili irekodi miti ya ukoo, endesha kipindi cha uteuzi pekee, kisha amri ya Python pyslim.recapitate ijaze historia ya kale kwa msprime.