Mtandao wa KUCCPS: unafaa, ila usiuachie ndoto yako

Aliyefanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, na anataka kuchagua kozi ataanzia hapa, kwenye mtandao wa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Unaingia kwa namba yako ya mtihani, mwaka uliofanya na nywila, kisha unatafuta kozi kwa jina au kwa kundi la masomo.

Kinachoupa mtandao huu thamani ni ukurasa wa kozi yenyewe. Unaonyesha masomo manne yanayohesabiwa, gredi ya chini ya kila somo, na pointi za aliyeingia mwisho mwaka uliopita, kati ya 48. Soma gredi za masomo kwanza. Mtoto mwenye B ya jumla lakini D ya fizikia huona pointi zinakaribiana, akajaza uhandisi, na ombi halisongi hata hatua moja. Tena pointi za mwaka jana si ahadi: waombaji wakiongezeka, nazo hupanda. Alama zako za jumla za KCSE, kati ya 84, pia huingia kwenye hesabu ya pointi hizo, kwa hiyo A nne peke yake hazikubebi.

Udhaifu wake ni kwamba hauelezi vya kutosha kazi inayofuata baada ya kozi. Kabla ya kulipa, muulize anayeifanya: mwuguzi, fundi umeme, mpimaji ardhi.

Ukikosa C+ ya digrii, fungua upande wa diploma, unaoanzia C-. Upande huo una kozi nzuri mno ambazo wazazi huzipuuza bure.

Ukitumia saiba ya mjini, yaani duka la intaneti, jaza mwenyewe na uhakikishe umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka.