Skuba Nungwi kwa mtu wa Dom: shule niliyoichagua na kwa nini

Wakuu wa Dom mnaotaka kujifunza skuba (kuzamia na mtungi wa hewa), mchunguze mwalimu kwanza, bei baadaye. Mi niliwaandikia watu kibao wa Nungwi, Zanzibar, WhatsApp kabla sijapanda SGR, karibu wote wakanitumia bei na picha za kasa, mmoja tu ndo akarudisha maswali: una pumu? masikio yako yakoje? unajua kuogelea? unaishi wapi? Nikamwambia Dodoma, akasema basi tarehe ya kurudi tuipange pamoja. Hapo hapo nikalipa advansi.

Hili la tarehe kila mtu wa huku alijue aisee. Ukishuka mita 10 tu baharini presha inakuwa mara mbili ya ile ya juu, na kadiri unavyovuta hewa kule chini nitrojeni inaingia mwilini, sasa inahitaji muda kutoka taratibu kabla hujapanda sehemu za juu. Wengi wanajua habari ya ndege, kwamba ukizamia siku kadhaa mfululizo usubiri angalau saa 18, lakini Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata na treni au basi unapanda juu vilevile. Mwalimu alinitaka nisubiri kama mtu wa ndege, nikalala Dar ndo nikapanda treni.

Masomo yenyewe yalianzia bwawani. Kujaza maji kwenye maski na kuyatoa kwa kupuliza pua, kuchomoa regyuleta (kile kifaa cha kupumulia) mdomoni na kuirudisha, na sheria kubwa kuliko zote: usibane pumzi, maana ukipanda hewa inatanuka na mapafu yanaweza kuumia. Baharini sikio langu la kushoto likagoma kufunguka, na hapa ndo nilimpenda yule mwalimu, hakunivuta chini, tulipanda kidogo kwenye kamba, nikabana pua nikapuliza polepole, tukashuka tena likafunguka. Aliweza kwa sababu tulikuwa wachache. PADI, shirika linalotoa vyeti vya skuba, wanaruhusu hadi wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja baharini kwenye Open Water, kozi ya wanaoanza, kwangu hao ni wengi mno, ulizeni mapema mtakuwa wangapi.

Video za kozi zilikuwa za Kiingereza ila yeye ni mtoto wa Nungwi, akaturudia kila kitu kwa Kiswahili, hadi ile ya kusimama dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka.

Bei yao si ya chini. Ulizeni kama boti, vifaa na ada ya kisiwa cha Mnemba vimo. Pia kuna jaribio la kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, hilo mnaweza kulifanyia mazoezi hapa hapa Dom kwenye mabwawa ya hoteli. Kitu pekee kilichonikera ni suti ya kuzamia, niliyopewa ilikuwa pana, maji yakawa yanapita mgongoni nikatetemeka mpaka kwenye boti, kwa hiyo wembamba jaribuni suti mapema siku ya bwawani.