Chelezo cha Kandambili au cha Plastiki?
Kwa mvuvi wa mshipi kwenye ghuba ya Mikindani, chelezo, yaani kielea kinachofungwa kwenye mshipi kuonyesha samaki akidonoa, kilichochongwa kutoka kandambili kuukuu hakigharimu chochote isipokuwa dakika chache za kisu, na hata kikitoboka huendelea kuelea, tofauti na kile cha plastiki chenye uwazi ndani, ambacho kikipata ufa huingia maji na kuzama. Plastiki nyekundu hushinda kwa kuonekana mbali, ilhali kandambili nyeusi, ambayo nimeikodolea macho bure mara nyingi, hupotea mawimbini. Katika kuonyesha samaki anapodonoa, ukubwa huamua zaidi, kwa kuwa chelezo kinene humkinza samaki naye hutema chambo. Anayevua maji tulivu ya mto Lukuledi kwa chubwi dogo, yaani kizito cha kuzamisha mshipi, achonge chembamba. Wa baharini penye upepo anunue cha plastiki.