Kununua televisheni ya LCD: tazama weusi kwanza, namba baadaye

Televisheni yangu ya kwanza ya skrini bapa niliichagua kwa kung'aa kwake. Ilikuwa dukani katikati ya nyingine nyingi, na ndiyo iliyonivuta macho: nyasi za uwanja kijani cha kuumiza, nyuso za wachezaji nyekundu. Usiku wa kwanza nyumbani nikazima taa ya sebuleni, nikaweka filamu. Anga la usiku lililopaswa kuwa jeusi likatoka rangi ya majivu, na kona mbili za chini zikavujisha weupe kama tochi iliyofichwa nyuma ya pazia. Nilikaa na kona hizo kwa miaka. Tangu hapo simshauri mtu kununua televisheni kabla hajauona weusi wake.

Sababu iko kwenye umbile la LCD lenyewe. Paneli haitoi mwanga. Nyuma yake kuna taa, na fuwele za kimiminika zilizo mbele hufungua na kuziba njia ya mwanga, nukta moja moja. Haziwezi kuziba kabisa, na huo mwanga unaoponyoka ndio unaogeuza weusi kuwa kijivu. Neno LED kwenye boksi lisikuchanganye: ni LCD ileile, ila taa za nyuma ni LED badala ya mirija ya zamani. QLED nayo ni LCD iliyoongezewa tabaka la nukta za kwanta linalosafisha rangi. OLED ni ukoo mwingine, kila nukta huwaka na kuzimika yenyewe. Hiyo naiacha kando.

Basi ninapozipanga, napanga kwa jinsi taa zilivyowekwa na kwa aina ya paneli: VA au IPS, njia mbili za kupanga fuwele hizo. Idadi ya K, yaani wingi wa nukta (4K, 8K), haimo katika hesabu hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa paneli ya VA yenye taa zilizotandazwa nyuma ya kioo kizima na kugawanywa katika kanda, kila ukanda ukiweza kufifia peke yake. Mwezi ukiwa juu kulia, taa za huko zinawaka na za kwingine zinafifia, na hapo ndipo LCD inapopata weusi wa kweli. Zinazoitwa mini-LED ni za jamii hii, taa zake zikiwa ndogo na nyingi zaidi. Dosari yake utaiona kwenye maandishi meupe ya tafsiri chini ya filamu: ukungu hafifu kuyazunguka, hasa kanda zikiwa chache. Uliza idadi ya kanda. Muuzaji akikosa jibu, cheza video ya nukta nyeupe inayotembea juu ya weusi, uone mwanga unaifuata kwa ukaribu gani.

Ya pili ni VA yenye taa nyuma ya kioo kizima lakini bila kanda. Hii ndiyo ninayowaambia watu wengi wanunue. VA nyingi hutoa uwiano wa weupe kwa weusi wa 3000 kwa 1 au zaidi, wakati IPS huzunguka 1000 kwa 1. Ule uwiano wa mamilioni uliochapwa kwenye boksi upuuze; haupimwi kwenye picha moja.

IPS naiweka ya tatu, kwa shingo upande, kwa sababu kuna nyumba ambamo inastahili kupanda hadi ya pili. VA hupauka ukiitazama kutoka ubavuni; IPS haibadiliki sana. Kama sebule yako ni pana, watu wanakaa hadi kwenye viti vya pembeni, na mnatazama zaidi mchana, weusi wa IPS hautawasumbua lakini rangi zilizopauka za VA zingewasumbua.

Ya nne ni ile nyembamba yenye taa ukingoni tu. Inapendeza ikitazamwa kwa ubavu, lakini ukikaa kwenye kochi huo wembamba huuoni. Unachokiona ni kona zinazovuja, na hata ikidai kufifisha kwa kanda, mshumaa mmoja kwenye picha huwasha mstari mzima kutoka juu hadi chini.

Mwisho kabisa, nje ya hesabu hiyo, naweka 8K. Picha za kuijaza ni haba, na hela hiyohiyo itakupa taa bora kwenye 4K.

Kuhusu hizo K, hesabu ni fupi. Full HD ni nukta 1920 kwa 1080, 4K ni 3840 kwa 2160. Jicho lenye afya, kwenye skrini ya inchi 43, huacha kutenganisha nukta za Full HD ukisogea mita 1.7 hivi nyuma. Kwa inchi 55 ni kama mita 2.2. Pima umbali wa kochi kabla ya kwenda dukani. Skrini kubwa nyingi siku hizi ni 4K hata hivyo, kwa hiyo usiihesabu kama zawadi.

HDR, picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, ndiyo inayowapotosha wengi. Kupokea ishara ya HDR ni jambo moja, kuionyesha ni jingine. Televisheni yenye mwangaza wa niti 300 na isiyo na kanda itaandikwa HDR10 kwenye boksi, kisha jua kwenye picha lisiwe na tofauti yoyote na la kawaida. Rangi zake zipime kwa picha ya machweo. Paneli ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, ya biti 10 ina 1024. Anga likikatika michirizi kama ngazi badala ya kuyeyuka taratibu, umelijua tatizo.

Kwenye hezi, yaani mara ngapi picha hubadilishwa kwa sekunde, tafuta namba ya paneli yenyewe: mara nyingi 60 au 120. Majina ya kibiashara yenye mamia hayahesabiki. Mpenzi wa gemu anayetaka 4K kwa hezi 120 ahakikishe pia kuna tundu la HDMI 2.1. Mtazamaji wa filamu hahitaji kuumiza kichwa.

Sasa dukani. Nenda na flashi yenye picha nyeusi tupu, picha ya kijivu tupu, onyesho la usiku na dakika chache za mpira. Omba rimoti, toa mpangilio wa duka, weka wa sinema au filamu. Utaona televisheni imefifia na kuwa ya manjano kidogo. Subiri dakika mbili, macho yatazoea, na ngozi za watu zitarudi kuwa ngozi. Shusha ukali wa picha, kwa sababu ukizidi huchora mstari mweupe pembeni mwa kila umbo. Kisha weka ile nyeusi, uziangalie kona. Weka ya kijivu, utafute madoa. Madoa hayo ndiyo yatakayoonekana kila kamera inapofuata mpira kuvuka uwanja, kama kioo kilichofutwa kwa kitambaa kichafu. Halafu tembea hadi pembeni, utazame tena.

Vitu vingine ni vya haraka. HDMI tatu zinatosha, moja iwe na eARC, njia ya kutolea sauti, ikiwa utafunga spika za nje, na ningefunga, kwani mwili mwembamba hauna nafasi ya sauti nzito. Programu za ndani zisikuamulie: kifaa kidogo cha kuchomeka hubadilishwa zikizeeka, paneli haibadilishwi. Na chunguza saizi unayoinunua wewe, maana toleo lenye jina moja linaweza kuwa na VA kwenye inchi 55 na IPS kwenye inchi 43.

Ikifika nyumbani, usitupe boksi. Usiku huohuo zima taa, rudia picha nyeusi na ya kijivu, kwa sababu hata televisheni mbili za toleo moja hutofautiana kwa madoa na uvujaji. Ukikuta kona inawaka, irudishe ungali ndani ya siku za kubadilishiwa.