Lebo za paneli katika ggplot2: zinatii, lakini kwa masharti

Anayechora kwa msimbo grafu yenye paneli nyingi, yaani grafu ndogo zilizopangwa pamoja, huzipata paneli zenyewe mapema. Kinachomla muda ni lebo. Maktaba ya ggplot2 ya lugha ya R, iliyoanzishwa na Hadley Wickham na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2007, huifanya kazi hii vizuri kuliko nyingi nilizozitumia, ingawa ina ukaidi wake.

Nguvu yake ni kwamba jina la paneli hutoka kwenye data yenyewe. Ukigawa grafu kwa amri ya `facet_wrap`, kila thamani ya kigeu (safu ya data unayoichagua kuigawa) hupata paneli yake na ukanda wa jina juu yake, na mpangilio mmoja tu ndani ya amri hiyo, `strip.position`, huhamishia kanda zote chini, kushoto au kulia. Manufaa makubwa ya jambo hili huonekana pale vipimo vyenye yuniti tofauti, tuseme halijoto, mvua na kasi ya upepo, vinapopangwa kimoja juu ya kingine. Weka `ncol = 1` (safu wima moja), `scales = "free_y"` (kila paneli na mizani yake ya wima) na `strip.position = "left"`, ondoa kichwa cha mhimili wima pamoja na rangi ya nyuma ya ukanda, na kila jina litageuka kuwa kichwa cha mhimili wa paneli yake. Sijaona njia fupi zaidi ya kufika hapo.

Ila ukiishia hapo, grafu itatoka mbaya, kwa kuwa chaguo-msingi la `strip.placement` ni "inside", ambalo hubana jina kati ya paneli na namba za mhimili. Ni lazima uandike "outside" ndani ya `theme`, amri inayopanga mwonekano wa grafu. Chaguo hilo la awali, kwa maoni yangu, halina utetezi. Vivyo hivyo, anayetaka majina ya kushoto yasomeke kwa mlalo atabadilisha pembe ya `strip.text.y` na asione tofauti yoyote, kwa sababu mandhari ya kawaida (mwonekano unaokuja na maktaba) tayari imeweka pembe ya nyuzi 90 kwenye kipengele kingine, `strip.text.y.left`, na hicho ndicho kinachofuatwa.

Majina marefu hayasumbui: `label_wrap_gen` huyakata katika mistari, na `label_parsed` huandika vipeo na alama za hisabati.

Kuandika maneno ndani ya paneli ni habari nyingine. Amri ya `annotate` hurudia maandishi yaleyale katika kila paneli, kwa hiyo anayetaka herufi a, b na c kwenye kona za paneli hulazimika kutengeneza jedwali dogo lenye safu ya kigeu kilekile kilichogawa grafu, kisha kulipitisha kwenye `geom_text`, amri ya kuandika maneno kutoka kwenye data. Ukikosea herufi moja ya jina la kundi, hakuna onyo. Inazaliwa paneli mpya isiyo na kitu isipokuwa hiyo lebo yako. Kwa miaka mingi kona yenyewe ilifikiwa kwa kuandika `-Inf` na `Inf`, yaani kingo za mwisho za paneli, kisha kusukuma maandishi kwa mlalo na wima kwa `hjust` na `vjust` hadi yakae. Tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2024, `I(0.05)` na `I(0.95)` hupima nafasi kwa sehemu ya upana na urefu wa paneli, hata mizani ya paneli ikitofautiana, na hilo pekee latosha kumfanya mtu asasishe maktaba yake.

Watumiaji wa Matplotlib, maktaba ya grafu ya lugha ya Python, wanaufahamu uhuru huo wa kupima kwa sehemu ya paneli tangu zamani kupitia `transAxes`, na kwao kila paneli hushughulikiwa peke yake, jambo linalorefusha msimbo lakini halimzuii mtu kuhamisha lebo moja bila kugusa nyingine. Katika ggplot2 ya kawaida, `strip.position` huzihamisha zote au haihamishi hata moja. Kwa paneli 12 zinazofanana sioni kasoro hapo. Kwa paneli 3 zenye sura 3 tofauti, ningechora kwa Matplotlib tangu mwanzo.